Samaki gani?

Mwaka jana katika somo la istilahi tulipewa orodha ya maneno 30 ya Kifaransa tuyatafutie Kiswahili. Neno la 17 lilikuwa hippocampe. Kundi letu la watu watano lilimalizana nalo kwa dakika mbili. Mmoja wetu alikumbuka kwamba ndani ya neno hilo la asili ya Kigiriki mna farasi, mwingine akaongeza bahari, tukaandika "farasi wa bahari", tukaenda kwenye neno la 18. Makundi mengine yaliandika vilevile, isipokuwa moja lililoondoa "wa" na kuunganisha maneno mawili kwa kistari. Juu ya kistari hicho tulibishana robo saa.

Profesa alitusikiliza, kisha akasema: "Vizuri. Sasa niandikieni mistari kumi ya kumweleza mtu jinsi ya kumfuga farasi wa bahari nyumbani mpaka azae." Chumba kizima kilinyamaza. Jina tulikuwa nalo, lakini cha kusema juu ya mwenye jina hatukuwa nacho, hata mstari mmoja.

Naandika makala hii kwa sababu ya ukimya ule. Maoni yangu ni kwamba tunaifanya kazi ya istilahi kinyumenyume. Tunakaa mezani kutafutia nomino vitu ambavyo hatujavigusa, halafu tunashangaa kwamba maneno yetu yanabaki kwenye karatasi. Mimi naona lugha ya elimu yoyote inasimama juu ya vitenzi, na vitenzi huwajia wale wanaoifanya kazi yenyewe kila siku. Anayetaka Kiswahili kisemee samaki, na afuge samaki kwanza. Najua inasikika kama mzaha. Nitaeleza jinsi nilivyofika hapo.

Baada ya somo lile nilikwenda kusoma habari za farasi wa bahari, kwa Kifaransa bila shaka. Ni samaki, ingawa hafanani na samaki. Anaogelea akiwa wima, tena kwa shida, na muda mwingi amejizungusha mkia kwenye jani la majini ili mkondo usimchukue. Kwa hiyo tangi lake linatakiwa liwe na kimo kirefu, maji yasiyopigwa kwa nguvu, na vitu vya kushikilia. Hana mfuko wa tumbo wa kutunza chakula. Anachomeza kinapita upesi, na hivyo lazima alishwe mara kadhaa kwa siku. Chakula chake ni vikamba vidogo, na wengi hawagusi kitu kisichotikisika.

Na anayebeba mimba ni baba. Mke anayaweka mayai ndani ya mfuko ulio kwenye tumbo la mume, mume anayarutubisha humo na kuyatunza kwa wiki mbili hadi nne hivi, kutegemea spishi na joto la maji. Siku ikifika anajikunja na kujikunjua, na watoto wanatoka kama moshi: makumi, mamia, kwa spishi nyingine hata zaidi ya 1,000. Hapo ndipo mfugaji anapopata taabu. Watoto hao wanataka chakula hai kidogo kuliko wao wenyewe, kwa hiyo ni lazima aangue mayai ya atemia, vidudu vya maji ya chumvi, siku baada ya siku. Wanaoanza kazi hii mara nyingi huwapoteza watoto wote. Tena si samaki wa kuvua na kuuza ovyo: tangu mwaka 2004 biashara ya kimataifa ya farasi wote wa bahari inaangaliwa chini ya mkataba wa viumbe vilivyo hatarini.

Sasa jaribu kuyaandika hayo kwa Kiswahili, nawe utaona kwamba kistari hakikusaidii kitu. Kwa Kiswahili mume huoa na mke huolewa. Mume humpa mke mimba, mke huibeba, kisha hujifungua. Kuzaa tunaweza kumsemea yeyote kati ya hao wawili, maana hata mwanamume husemwa kwamba amezaa watoto sita. Kujifungua ni kwa mama peke yake. Farasi wa bahari anakuja na kutuvurugia mpangilio wote. "Mke alimpa mumewe mimba." "Baba alijifungua usiku wa jana." Sarufi ya sentensi hizo haina kosa, lakini atakayezisikia atacheka, na mwanafunzi anayechekwa harudi kuandika. Hapo ndipo palipotakiwa kazi yetu. Je, tupanue maana ya kujifungua? Je, tutafute kitenzi kingine kisichomwangalia mama wala baba? Swali hilo halikuwa kwenye orodha ya profesa, kwa sababu orodha ilikuwa ya nomino tu.

Lakini farasi wa bahari anaishi maji ya chumvi, nami naishi Lubumbashi. Pwani yetu ya Muanda iko upande wa pili wa nchi, na darasani kwetu sijakutana na mtu aliyefika huko. Nikajiuliza: kama shida ni kusemea samaki anayefugwa ndani ya kioo na kuzalishwa nyumbani, kwa nini nisianze na samaki wetu? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Asilimia 45 hivi ya eneo lake iko upande wa Kongo. Ndani yake mna zaidi ya spishi 200 za jamii moja ya samaki, sikilidi, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Kwa wafugaji wa samaki wa urembo, kuanzia Ujerumani hadi Marekani, hilo ni ziwa la sifa. Kwa wengi wetu wa Lubumbashi ni mahali panapotoka samaki wa kukaushwa.

Ukoo wa mama unatoka Moba. Nilimpigia simu mjomba, mvuvi, nikamwomba aniletee samaki wadogo wanaoishi ndani ya nyumba tupu za konokono. Wataalamu wanawaita Lamprologus ocellatus. Mjomba alinyamaza kidogo. "Mwipwa, tule tusamaki? Tule hatukulake. Njo maana hatuna jina yake." Aliposikia kwamba sitaki kuwala, bali nataka kuwatazama, alicheka mpaka simu ikakatika. Hata hivyo alinitafutia. Kuwavua si kazi ngumu: ukiokota nyumba ya konokono, umemwokota na mwenyewe, kwa sababu akiogopa anakimbilia ndani. Aliwaacha siku mbili bila chakula ili wasichafue maji ya safari, akawatia ndani ya bidoni lililojazwa nusu tu ili hewa ibaki, na ndugu mmoja akaja nao kwa ndege kutoka Kalemie. Walitoka tisa, wakafika saba. Pamoja nao zilikuja nyumba 20 za konokono ndani ya mfuko wa unga.

Tangi lilitengenezwa na fundi wa vioo wa mtaani: sentimita 80 kwa 35 kwa 40, limegundishwa kwa silikoni. Nililijaza maji wiki sita kabla ya samaki kufika. Huo si uvivu. Mkojo na mavi ya samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia kama unabadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao wanahitaji muda wa kuota kwenye mchanga na kwenye sifongo la pampu. Maji ya ziwa letu ni mazito kwa madini na pH yake inakaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia inaua upesi zaidi. Anayeweka samaki siku ileile aliyoweka maji anawaua. Mimi niliweka mawe ya chokaa chini ya mchanga ili maji yawe magumu kama ya ziwani, pampu ndogo ya hewa, na betri ya kuiendesha umeme ukikatika. Umeme ukikatika usiku ndiyo saa yangu ya kuamka: pampu inanyamaza, na ukimya unaniamsha kuliko kelele.

Nilichokiona baada ya hapo nimekiandika katika daftari, kwa Kiswahili, kila jioni. Siku ya kwanza kila samaki alichagua nyumba yake. Siku ya pili wakaanza kuzifukia. Samaki wa sentimita tano anachota mchanga kwa kinywa, anaumwaga pembeni, anarudi, mpaka nyumba inazama na kubakiza tundu tu juu ya mchanga. Anayekaribia tundu hilo anafukuzwa, hata kama ni mkono wangu. Wameniuma mara nyingi. Mke alitaga mayai ndani kabisa mwa nyumba yake, mume akayarutubisha akiwa mlangoni, na kuanzia hapo mke alikaa akiyapepea kwa mapezi ili maji yapite. Baada ya siku kumi hivi, nikiwa na taa mkononi, niliona vichwa vinachungulia tunduni. Nilihesabu 14, vikarudi ndani vyote kwa mara moja. Nilipompigia mjomba simu kumwambia kwamba wamezaa, aliniuliza: "Nani?"

Angalia maneno hayo. Kuchota, kufukia, kutaga, kupepea, kuchungulia. Sikufungua kamusi hata moja. Hakuna tume iliyokaa, hakuna kistari kilichobishaniwa. Kupepea tunakujua tangu jikoni, kwa mama anayepepea mkaa. Samaki alipofanya vile, neno lilikuwa tayari limesimama mlangoni likingoja kuitwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "vifaranga vya samaki", maneno yanayotumiwa na wafugaji wa Tanzania kwa watoto wa samaki wa kupandwa mabwawani. Neno lilitoka kwenye banda la kuku, likaingia bwawani, likakaa. Nomino nayo ilipatikana, lakini njia yake ilipita mikononi mwa watu wenye kazi.

Si kila kitu kilikuja kwa urahisi hivyo. Samaki wengine wengi wa ziwa letu hawatagi ndani ya nyumba za konokono. Mama anayaokota mayai yake na kuyaweka kinywani, na huko ndiko watoto wanakoanguliwa na kukua. Wale wa jenasi ya Tropheus, wanaokwangua mwani juu ya mawe, hutaga mayai machache makubwa, na mama hukaa nayo kinywani karibu mwezi mzima. Katika muda huo anaendelea kumeza chakula kidogo, naye hakitafuti kwa ajili yake tu: watoto walio kinywani wanakila. Kifaransa kinaita hali hii incubation buccale. Sisi tutaitaje?

Nililipeleka swali hilo kwa wenzangu. Wa kwanza alipendekeza "kuatamia kinywani", maana kama tumekubali vifaranga, na tumkubali kuku mwenyewe. Lakini kuku huatamia kwa kulala juu ya mayai, na samaki huyu hajalala juu ya kitu. Wa pili alileta "kumumunya". Kumumunya ni kwa peremende, nikajibu, na mwisho wa peremende tunaujua. Wa tatu akasema "kufumbata". Hicho kina upole unaotakiwa, ila ni kitenzi cha mkono na kifua. Tulikaa hivyo jioni nzima, watu wanne wa lugha mbele ya tangi lenye samaki ambao hata hawafanyi jambo lenyewe.

Kesho yake nilimuuliza mjomba: wale samaki wa mawe, wanafanya nini na watoto wao? Alijibu bila kufikiri: "Anabeba watoto mu kinywa." Kubeba tu. Kitenzi tunachotumia kwa mimba, kwa mtoto wa mgongoni, kwa gunia la mihogo. Nikaona kwamba kitenzi hicho kinatufikisha mpaka baharini. Farasi wa bahari anabeba mayai mfukoni, Tropheus anabeba kinywani, mama yangu alinibeba tumboni kisha mgongoni. Anayebeba anaweza kuwa mama au baba, na msikilizaji hacheki. Siku ya kutoka, mama wa kinywani anatema watoto, naye baba wa baharini anawatoa mfukoni. Swali lililotushinda darasani lilijibiwa na mvuvi kwa maneno manne, kwa sababu yeye amewaona samaki wakifanya.

Labda utasema: haya ni ya vitenzi, lakini majina nayo ni kazi. Naam, tuyaangalie majina. Tropheus moorii alipewa jina hilo mwaka 1898 kwa heshima ya Moore, Mwingereza aliyelichunguza ziwa miaka ile. Julidochromis marlieri, wa mwaka 1956, ana jina la Marlier, Mbelgiji aliyefanya utafiti Uvira. Neolamprologus brichardi, wa mwaka 1974, ana jina la Brichard, Mbelgiji mwingine aliyekuwa akipeleka samaki hai Ulaya kutoka Bujumbura. Hayo ni ya wataalamu. Wafugaji wa kawaida wana desturi yao nyingine, nayo ndiyo iliyonigusa zaidi: huwataja samaki kwa vijiji vyetu. Samaki wa spishi moja hubadilika rangi kutoka ufuko hadi ufuko, kwa sababu wa mawe hawathubutu kuvuka mchanga mrefu ulio kati ya mwamba na mwamba. Kwa hiyo mfugaji wa Ulaya hatosheki na jina la spishi. Anauliza: wa wapi? Wa Moliro? Wa Kapampa? Wa Moba? Hawachanganyi katika tangi moja wasije wakazaa watoto wasio na kwao. Hadi leo katika biashara hiyo kuna samaki wakubwa wenye kichwa cha nundu na rangi ya buluu wanaoitwa "Zaire Moba". Nchi ilibadilisha jina mwaka 1997. Samaki hawakupewa habari.

Wenzangu wengine wakisikia hayo hukasirika, wakasema wametuibia hata majina. Mimi sikasiriki. Mtu aliyewalea samaki wa Moba miaka 20 sebuleni kwake, akajua wa Moba na wa Kapampa wanatofautianaje, ana haki ya kuwa na neno la kuwatofautisha. Kinachoniuma ni chetu. Sisi tunaotoka Moba tunauliza bei tu.

Na hapa lazima niseme jambo langu mwenyewe. Mwaka 2021, nikiwa mwaka wa pili, nilikwenda Moba kufanya kazi ya uwanjani ya somo la fonolojia. Nilibeba orodha ya Swadesh, ile ya maneno 100 ya msingi ambayo kila mwanafunzi wa isimu anaijua, ili niijaze kwa Kitabwa. Msemaji wangu alikuwa nkambo, baba yake mama na mjomba, mtu aliyevua katika ziwa lile tangu utoto wake. Tuliketi chini ya mwembe. Nilikuwa nasoma neno kwa Kiswahili, naye ananipa la Kitabwa. Orodha hiyo ina wanyama wachache sana: samaki, ndege, mbwa, chawa. Nilipofika kwenye samaki, nkambo aliniuliza: "Samaki gani?"

Nikamwambia: "Samaki tu, nkambo."

Aliniangalia. Kisha akatoa neno moja, nikaliandika na toni zake zote, nikasoma linalofuata. Kazi ile nilipata alama nzuri. Nkambo alifariki mwaka uliofuata. Aliyajua majina mangapi, na alijua nini juu ya kila mwenye jina, siwezi kukwambia, kwa sababu aliponifungulia mlango mimi nilikuwa nahesabu maneno 100. Mjomba ana sehemu tu. Anasema nkambo angeweza kutaja samaki kwa kusikia jinsi anavyogonga ubao wa mtumbwi.

Silaumu orodha. Ilitengenezwa kwa kazi ya kulinganisha lugha, na kazi hiyo inaiweza. Najilaumu mimi, na kidogo malezi yetu ya kitaaluma, yanayotufundisha kumsikia msemaji anapojibu na si anapouliza. "Samaki gani?" lilikuwa ndilo swali la kiisimu lililoulizwa chini ya mwembe ule, na aliyeliuliza hakuwa mimi.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: kufuga samaki ndani ya kioo ni anasa, na nchi ina njaa. Ni kweli kwamba hakuna atakayeshibishwa na samaki wa sentimita tano. Lakini tangi langu linakula umeme mdogo kuliko redio ya jirani, na tunafanya mambo mengi yasiyoshibisha, isimu ikiwa mojawapo. Tena kazi ni ileile. Aliyejifunza kungojea bakteria wiki sita ameshajua nusu ya kazi ya bwawa la samaki wa kula. Ya pili: kuvua samaki wa urembo kunamaliza ziwa. Hofu hiyo naiheshimu, hasa kwa samaki wa mwamba mmoja wasio na ndugu penginepo. Ndiyo maana nasema kufuga na kuzalisha. Kutoka saba wa kwanza nimepata watoto wa kuwagawia wenzangu wawili, na sijaomba samaki mwingine Moba. Ya tatu: hiyo ni kazi ya kitivo cha sayansi. Wa sayansi wanafanya yao, kwa Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na tunaisifu kila sherehe. Kama sisi wa lugha hatutakaa mbele ya kitu mpaka kitupe maneno yake, nani atakaa?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, somo la istilahi lianze na kazi moja ya mikono kwa muhula mzima: tangi la samaki kwenye barabara ya kitivo, au mzinga wa nyuki, au cherehani, chochote ambacho wanafunzi watakigusa na kukiandikia daftari kila siku. Orodha ya nomino ije mwisho, itoke kwenye daftari. Pili, kila anayekwenda uwanjani na orodha ya maneno 100 aongeze karatasi moja tupu yenye kichwa kimoja: maswali aliyoniuliza msemaji. Tatu, jarida hili letu litenge ukurasa kwa majina ya samaki wa ziwa, kijiji kwa kijiji. Samaki mmoja mdogo tunayemla sote anaitwa dagaa Kigoma, ndagala Bujumbura, kapenta Zambia, na sisi wa Lubumbashi tunamnunua bila kuuliza jina lipi lilikuja kwa njia ipi. Tangu mwaka 2022 tumo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Burundi na Tanzania. Maneno ya fuko hizo yataingiliana, na ni vizuri tuyaandike kabla hayajasahau kwao.

Anayetaka kuanza, aje chumbani kwangu siku yoyote jioni. Nitampa watoto wanne wa samaki, nyumba sita za konokono na ushauri mmoja: ajaze maji leo, samaki aje kuwachukua baada ya wiki sita. Katika wiki hizo sita atakuwa na maji matupu ya kutazama. Hata hayo yana maneno yake.

Mimi mwezi wa saba narudi Moba. Mjomba amekubali kunipandisha mtumbwini, na amenionya kwamba nitatapika. Orodha ya maneno 100 nitaiacha Lubumbashi. Nitakwenda na daftari, na akinionyesha samaki, nitamuuliza swali la nkambo.